Valvu Mpya ya Turbo: Pima Iliyopo Kabla Hujafungua Pochi

Mwenye Subaru Forester ya turbo, ile ya SG5 ambayo imejaa Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, akienda dukani kutafuta plagi au filta ni nadra atoke bila kuonyeshwa valvu ya hewa ya alumini inayong'aa. Wauzaji wanaiita blo-ofu, wengine dampu valvu. Ataambiwa kwamba ile ya kiwandani ni dhaifu, kwamba inaibana injini, na kwamba akifunga hii gari litavuta vizuri zaidi na turbo itadumu miaka. Nalijibu suala hili kwa urefu kwa sababu fedha inayoingia hapo si ndogo, na kwa sababu kifaa hiki kikifungwa vibaya kinaumiza injini ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama valvu uliyonayo inafunga vizuri, mpya haitakuongezea nguvu hata kidogo. Kama inavuja, mpya itakurudishia nguvu uliyokuwa umeshaipoteza, na valvu ya kiwandani iliyo nzima ingeirudisha vilevile. Kwa hiyo swali la kumpelekea fundi ni kama ya kwako inavuja. Swali la ipi nzuri zaidi linakuja baadaye, na mara nyingi haliji kabisa.

Turbo ina magurudumu mawili kwenye mhimili mmoja. La kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda kuelekea ekzosi. La pili, upande wa hewa safi, linavuta hewa kupitia filta, linaikandamiza na kuisukuma kwenye kipoza hewa, kile mafundi wanachokiita intakula, halafu kwenye kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Magari mengi ya petroli yaliyotoka kiwandani na turbo husukuma hewa kwa presha ya kati ya bar 0.5 na bar 1 juu ya ile ya hewa inayotuzunguka.

Sasa dereva yuko kwenye mwendo, turbo imeshika, halafu anaachia mafuta ghafla kwa sababu ya tuta au anabadilisha gia. Kilango kinafunga papo hapo, lakini turbo bado inazunguka na inaendelea kusukuma. Hewa inafanya kama umati uliokuwa ukikimbilia mlango uliofungwa usoni mwao: walio mbele wanarudishwa kifuani mwa walio nyuma. Inarudi hadi kwenye mapanga ya turbo, yanaikata, inasukumwa mbele, inarudi tena. Ndiyo asili ya ule mlio wa tu-tu-tu-tu ambao vijana wanaupenda. Kwenye presha ndogo ya gari la kawaida hauui turbo kwa siku moja. Baadhi ya magari ya turbo ya miaka ya 1980 yalitoka kiwandani bila valvu hii na yalitembea. Lakini kila mlio wa namna hiyo ni mshtuko unaopokelewa na beringi za mhimili, na turbo inapoteza kasi ambayo italazimika kuitafuta upya utakapokanyaga tena.

Valvu iliwekwa ili kuipa hewa hiyo pa kupita. Kutoka kwenye manifoldi, ng'ambo ya kilango, kuna mpira mwembamba unaokuja hadi kwenye kichwa cha valvu. Kilango kikifunga, manifoldi inapata mvuto, mvuto unapita kwenye mpira ule na kukinyanyua kiwambo au pistoni iliyo ndani, springi inashindwa, na hewa iliyonaswa inatoka. Ukikanyaga mafuta, mvuto unaisha na presha inapita kwenye mpira uleule kuisaidia springi kufunga.

Tazama basi ni lini kifaa hiki kinafanya kazi: unapoachia mafuta. Unapokanyaga mpaka chini, wakati ambao nguvu ndiyo inayotafutwa, wajibu wake ni mmoja tu, kukaa kimefunga. Valvu mbili zinazofunga sawasawa hazina namna ya kutofautiana kwa nguvu, hata moja iwe ya plastiki na nyingine imechongwa kwenye alumini ya ndege. Anayekuambia kuwa ya kwake inaongeza presha ya turbo anaichanganya na wesigeti, ambayo iko upande wa moshi na kazi yake ni kuupitisha moshi uliozidi pembeni ya gurudumu ili presha isipande kupita kiasi. Hizo ni valvu mbili zenye kazi mbili, na mafundi wazuri huanza kwa kukuuliza unazungumzia ipi.

Jambo linaloharibu magari mengi zaidi ni pale hewa inapoelekezwa baada ya kutolewa. Kwenye Forester na Impreza za injini ya EJ205, valvu ya kiwandani imefungwa kwenye intakula, na mdomo wake unairudisha hewa kwenye bomba la kuingilia turbo. Inazunguka tu humohumo. Hili halikufanywa ili gari liwe kimya tu. Karibu na boksi la filta kuna sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia, na kompyuta ya gari inapanga petroli kwa kufuata hesabu ya sensa hiyo. Hewa ikishapita pale imehesabiwa. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, na kompyuta inajitahidi kukaa karibu na hapo unapoendesha taratibu.

Ukifunga valvu inayoitema hewa nje, ile yenye mlio wa pshhh, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inaondoka na kompyuta haina habari. Inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Kwa sekunde chache kila unapobadilisha gia mchanganyiko unajaa petroli: gari linatoa moshi mweusi, linapiga mashuti kwenye ekzosi, na likifika kwenye taa za barabarani linaweza kuzima. Dalili hizi hupuuzwa kwa sababu zinafanana na mbwembwe. Lakini petroli isiyoungua inazivika plagi masizi, nyingine inaiosha oili kwenye kuta za silinda, na inayobaki inakwenda kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, kile chenye masega. Masega yakiyeyuka yanaziba ekzosi, na hapo ndipo mwenye gari anapoanza kulalamika kwamba gari limekuwa zito kuliko lilivyokuwa kabla hajalifanyia lolote.

Kuna tatizo la pili ambalo kwetu ni kubwa kuliko linavyosemwa kwenye maandishi ya watengenezaji. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi ina mvuto mkubwa. Valvu yenye springi laini inavutwa na kubaki wazi. Kama ni ile inayorudisha hewa ndani, hakuna madhara, njia ni ya mzunguko. Kama ni ya kutemea nje, mlango huo uliobaki wazi unakuwa mahali pa kuvutia hewa ambayo haijapita kwenye filta wala kwenye sensa. Kwenye barabara ya Serengeti, au ile ya vumbi jekundu inayokwenda shambani kwenu, hewa hiyo ni vumbi. Linakwenda moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi ndani ya silinda linakwaruza kuta na ringi kama msasa. Mtu anayeendesha nje ya lami hata mara moja kwa mwezi namshauri bila kusita: usifunge valvu ya kutemea nje.

Je, kuna magari yanayoistahimili? Yapo. Baadhi ya injini hazipimi hewa inapoingia. Zinapima presha iliyo ndani ya manifoldi na kukokotoa kutoka hapo. Toyota Starlet Glanza yenye injini ya 4E-FTE ni mojawapo, na Caldina GT-T nayo ni ya kundi hilo. Kwenye magari haya hewa inayotoka kabla ya kilango haivurugi hesabu ya petroli, kwa hiyo valvu ya kutemea nje yenye springi sahihi haina ubaya mkubwa. Bado haina faida ya nguvu. Ni mlio, na mtu mzima ana haki ya kununua mlio kwa fedha yake, mradi ajue kwamba hicho ndicho anachonunua.

Wenye dizeli wanisikilize kwa makini, maana ndio wanaouziwa kitu kisichowahusu kabisa. Hilux ya D-4D, Prado ya dizeli, Land Cruiser na malori hayadhibiti nguvu kwa kuifungia injini hewa. Yanapunguza dizeli inayopulizwa. Ukiachia mafuta hakuna kilango kinachofunga ghafla mbele ya turbo. Dizeli za kisasa nyingine zina kilango, lakini kipo kwa ajili ya kurudisha moshi kwenye injini na kuizima bila mtikisiko. Kwa kuwa hakuna hewa inayonaswa, hakuna cha kutoa. Vifaa vinavyouzwa vya kufanya dizeli ilie hutumia swichi ya umeme kwenye kanyagio na kutoboa njia ya hewa iliyokuwa nzima. Kila klempu mpya unayoiongeza hapo ni mahali papya pa kuvuja, na dizeli iliyopungukiwa hewa inatoa moshi mweusi na kuipandisha joto ekzosi. Kuhusu vile vifilimbi vinavyochomekwa kwenye mdomo wa ekzosi, havina cha kujadiliwa.

Mlio wa turbo ulianza kutushika zamani. Wengi wetu tuliipendea turbo kwenye Safari Rally, na Subaru Impreza iliyoshinda huko mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, kisha mwaka 2000 na Richard Burns, ndiyo iliyofanya watoto wa Naivasha na Nakuru kutaka gari hilohilo. Lakini milipuko inayosikika kwenye gari la rali dereva anapoachia mafuta kwa sehemu kubwa haitoki kwenye valvu hii. Inatokana na mfumo unaochoma petroli kwenye manifoldi ya ekzosi kwa makusudi ili turbo isipunguze kasi, mfumo unaokula turbo haraka sana, na timu inakuja na turbo nyingine kwenye lori. Gari lako la kupeleka watoto shule halina lori nyuma yake.

Turudi kwa yule ambaye kweli anahitaji valvu, maana yupo. Forester nyingi zilizo barabarani sasa zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Kiwambo cha mpira kilichokaa juu ya injini ya moto kwa miaka hiyo kinaweza kukauka na kuchanika, na springi inaweza kuchoka. Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano ni ushahidi mzuri. Injini yake ya lita 2.0 ilikuja na valvu inayoendeshwa na umeme yenye kiwambo cha mpira, viwambo vikawa vinachanika, na hatimaye watengenezaji wenyewe walitoa toleo jingine lenye pistoni badala ya kiwambo. Mwenye gari hilo aliyebadilisha valvu alisikia tofauti ya kweli, kwa sababu alikuwa anaendesha gari linalovuja.

Valvu inayovuja unaijuaje? Gari linachelewa kushika, unasikia mvumo wa hewa unapokanyaga sana, na ukiwa na geji ya turbo utaona sindano inapanda kisha haifiki ilipokuwa ikifika, au inafika na kushuka wakati mguu haujatoka. Turbo inajaribu kufidia kwa kuzunguka zaidi, hewa inapata joto zaidi, petroli inaliwa zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na turbo tayari inafanya kazi ya ziada kufikia presha ileile. Uvujaji ambao mtu wa pwani hausikii, wa bara anausikia akipanda Limuru.

Dalili hizohizo zinaletwa pia na mpira uliopasuka au klempu iliyolegea, ndiyo maana nasisitiza kupima. Fundi aifungue valvu, kwenye Subaru hizi ni bolti mbili na mipira yake, kisha aunganishe pampu ya mkono ya kuvuta hewa kwenye kile kidomo chembamba. Akivuta, mlango ufunguke na mvuto usimame bila kushuka. Sindano ya pampu ikirudi taratibu yenyewe, kiwambo kimetoboka. Akiachia, mlango ufunge kabisa, na ukipuliza kwa mdomo upande wa intakula pasipite hewa. Kipimo chote hakizidi nusu saa. Kabla ya kulaumu chochote, aangalie na ule mpira mwembamba wenyewe. Ukiwa na ufa, valvu nzima kabisa itaonekana mbovu, na mpira wa namna hiyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na valvu.

Kama valvu imepita, afunge mdomo wa bomba la kuingilia turbo, injini ikiwa imezimwa, na kuujaza mfumo hewa ya kompresa kwa presha ndogo, isizidi bar 0.5, huku akipaka maji ya sabuni kwenye maungio. Presha kubwa itasukuma sili za injini, kwa hiyo asiwepo mtu wa haraka kwenye kazi hii. Kwenye EJ205 alitazame hasa lile bomba jeusi linalopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo. Likizeeka linakauka na kupasuka mahali ambapo jicho halifiki, na huwa linapasuka mikononi mwa fundi anayelivuta kwa nguvu.

Ikithibitika kuwa valvu imekufa, chaguo la kwanza ni ya kiwandani, mpya, au ya mtumba iliyopimwa mbele yako kwa pampu ileile. Kwa gari lenye presha ya kiwandani inatosha. Chaguo la pili ni ya pistoni kutoka kwa watengenezaji wenye jina kama Turbosmart, Forge au HKS, lakini ya aina inayorudisha hewa ndani. Hii ina maana zaidi kama presha imepandishwa na kompyuta imepangwa upya na mtu anayejua, kwa sababu springi ya kiwandani iliwekwa kwa presha ya kiwandani. Zipo pia za midomo miwili, zinazotema kiasi na kurudisha kiasi. Kwa gari lenye sensa ya hewa mimi sizipendi. Zinapunguza ubaya bila kuuondoa, na ukitaka moja kwa sababu ya mlio, uliza kama mdomo wa nje unaweza kuzibwa.

Jihadhari sana na za bei ya kutupa zenye nembo za majina hayohayo. Pistoni yake inakuwa na mikwaruzo, oringi haikai, na baada ya miezi michache inakwama wazi. Inayokwama wazi ni mbaya kuliko ile ya plastiki uliyoitoa. Muulize muuzaji kama ana springi za ugumu tofauti na oringi za akiba. Mwenye bidhaa ya kweli anazo au anajua zinapopatikana.

Siku ya kufunga, mpira wa mvuto uwe mpya na utoke moja kwa moja kwenye manifoldi, usichangie na kitu kingine. Springi ichaguliwe kwa kufuata mvuto wa injini yako ikiwa kwenye sailensa. Ikiwa laini sana mlango unacheza na kubaki wazi pasipotakiwa; ikiwa ngumu sana utausikia ule mlio wa tu-tu-tu, maana yake hewa inarudi kwenye mapanga na umelipa fedha ili kulirudisha tatizo. Valvu ya pistoni inataka kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa mafuta kila baada ya muda, hasa kwenye vumbi. Kama hutaki kazi hiyo, baki na ya kiwambo.

Na kama vipimo vimeonyesha valvu yako ni nzima? Basi ile fedha ina mahali pazuri zaidi pa kwenda. Oili sahihi na filta yake, ikibadilishwa mapema kuliko gari lisilo na turbo, ndiyo inayoamua umri wa beringi za turbo kuliko kitu kingine chochote. Baadhi ya injini za Subaru za turbo zina kijichujio cha wavu ndani ya bolti ya paipu inayoipelekea turbo oili. Kikiziba, turbo inakauka huku oili ikiwa imejaa kwenye injini. Mwambie fundi akiangalie. Plagi nazo ni muhimu, pamoja na filta ya hewa isiyopitisha vumbi pembeni. Kumbuka pia kwamba magari haya mengi yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa ikiwa na oktani karibu 100, na yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Injini ikisikia dalili ya kugonga, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche na nguvu inapungua. Kwa hiyo kituo chenye mafuta bora na yasiyochakachuliwa kinaweza kukupa mvuto ambao hakuna valvu itakayokupa.

Ukiamua kununua, mwambie wakala wako wa bima kwamba gari limebadilishwa, ili asije akakuuliza siku ya ajali. Valvu ya kiwandani ikiwa nzima usiiache gereji. Itie kwenye mfuko pamoja na bolti na mpira wake, uiweke nyumbani. Atakayelinunua gari hilo kwako huenda akalitaka lilivyotoka kiwandani.